Farasi wa madoa sokoni Mombasa: tathmini kwa anayenunua na anayeuza

Farasi wa madoa hupata mteja upesi pwani. Ufukweni Nyali, Bamburi au Diani mgeni humwona kwa mbali na hutaka kupiga naye picha, na mtoto humchagua kabla mzazi hajauliza bei. Ndiyo sababu jina la Appaloosa limekuwa jina la biashara: muuzaji akilitaja, huongeza bei. Tathmini hii ni ya soko hilo, kuanzia Mtwapa hadi Ukunda, na hukumu yetu iwe wazi mapema. Madoa ndiyo ya mwisho kukaguliwa, na soko la hapa limeyaweka mbele. Farasi wa kufaa Mombasa ni yule anayetoka jasho vizuri, mwenye macho mazima, tumbo lisilojaa mchanga na kwato zinazostahimili lami. Akiwa na madoa pia, heri yake na heri ya mwenyewe.

Kwanza tujue kinachouzwa. Appaloosa ni uzao wa farasi uliolelewa na Wanez Perce, wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa Marekani. Baada ya vita vyao na jeshi la Marekani mwaka 1877 farasi wao wengi walitawanyika, na uzao ulikuwa unapotea hadi Appaloosa Horse Club ilipoundwa mwaka 1938. Klabu hiyo, yenye makao Moscow katika jimbo la Idaho, ndiyo yenye daftari la usajili. Ili mtoto aandikwe humo lazima mzazi mmoja awe Appaloosa aliyesajiliwa, na wa pili awe Appaloosa pia au mmoja wa zao tatu zinazokubaliwa: Arabian, Quarter Horse au Thoroughbred. Kwa hivyo muuzaji anayesema "huyu ni Appaloosa kamili" adaiwe karatasi yenye nambari ya usajili, majina ya wazazi na maelezo ya alama za mwili. Kama hana, basi anauza farasi wa madoa, na alipwe bei ya farasi wa madoa. Si aibu. Farasi asiye na karatasi anaweza kuwa mfanyakazi bora kuliko mwenye nazo. Aibu ni kumlipisha mtu karatasi ambazo hazipo.

Kosa la pili ni kuchanganya madoa na mabaka. Farasi mwenye mabaka makubwa meupe na kahawia ni wa rangi nyingine kabisa, inayotokana na vinasaba vingine, na humpati Appaloosa kwa kuangalia mabaka. Angalia mambo manne. Ngozi ya puani, midomoni, kuzunguka macho na sehemu za siri iwe na vidoadoa vya waridi na vyeusi. Weupe wa jicho uonekane hata farasi akiwa ametulia. Kwato ziwe na michirizi wima, nyeusi na nyeupe, na michirizi hiyo ina maana zaidi kwenye mguu usio na soksi nyeupe, kwa sababu mguu mweupe wa farasi yeyote unaweza kutoa ukwato wenye mistari. La nne ndilo manyoya yenyewe: wengine wana shuka jeupe lenye madoa juu ya kiuno, wengine madoa mwili mzima juu ya weupe, wengine manyoya yaliyochanganyika rangi. Loweka kitambaa cheupe, sugua doa moja kwa nguvu, kisha tenga nywele uone ngozi. Rangi ya dukani huacha alama kwenye kitambaa.

Usishangae picha ya miaka mitatu iliyopita ikikuonyesha farasi mwenye giza kuliko huyu aliye mbele yako. Rangi ya farasi wa aina hii hubadilika kadiri anavyokua, na wengi huzidi kuwa weupe. Kumtambua, tegemea vipindo vya nywele kwenye paji la uso na shingoni, makovu, na nambari ya tarakimu 15 ya kidude cha utambulisho (microchip) kilichopachikwa ndani ya shingo kama anacho.

Macho kwanza

Hapa ndipo mnunuzi wa farasi wa madoa anapotofautiana na mnunuzi wa farasi mwingine yeyote, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Kinasaba kinacholeta madoa haya huitwa LP. Farasi aliyepata nakala moja huona sawasawa. Aliyepata nakala mbili, moja kwa kila mzazi, huzaliwa haoni gizani, na haponi wala hazidi kuharibika. Mchana anaona, usiku haoni. Mara nyingi farasi wa nakala mbili ni mweupe karibu mwili mzima mwenye madoa machache sana, au mwenye shuka jeupe kiunoni lisilo na madoa ndani yake. Rangi hizo ndizo zinazopendwa kwa picha za harusi ufukweni. Sasa fikiria kazi ya Mombasa: wateja wanataka machweo, na farasi hurudi zizini saa moja usiku kando ya barabara ya Malindi, taa za matatu zikimmulika na pikipiki zikimpita ubavuni. Asiyeona gizani hushtuka, hurudi nyuma, hukanyaga watu.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Baada ya machweo, giza likianza kuingia, katika uwanja asioujua, laza miti minne mifupi chini kwa mpangilio usio sawa, weka ndoo mbili zilizopinduliwa, mwongoze kwa kamba iliyolegea. Anayeona huinamisha kichwa na kuvuka. Asiyeona husimama, hugonga miti au hujibana kwako. Kwa uhakika zaidi, ng'oa nywele 20 hadi 30 za mkia pamoja na mizizi yake, zipelekwe maabara ya vinasaba. Ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima LP. Mnunuzi anayekusudia kuzalisha asikwepe gharama hii.

Ugonjwa wa pili wa macho ni mbaya zaidi kwa sababu unakuja baadaye. Ni uvimbe wa ndani ya jicho unaotulia na kurudi, na kila ukirudi huacha kovu hadi jicho life. Farasi wa Appaloosa hupatwa nao takriban mara nane zaidi ya farasi wengine, na kwao huharibu macho yote mawili mara nyingi. Dalili ni jicho linalotoa machozi, kope inayofungwa nusu mchana, mboni iliyobana hata kivulini, ukungu wa buluu, au jicho moja dogo kuliko jenziwe. Kwa wengi wa uzao huu ugonjwa hujificha, jicho haliumi waziwazi, na mwenyewe hugundua upofu umeshafika. Daktari amkague jicho akiwa mahali pa giza, kwa tochi yake maalumu, baada ya kumtia matone ya kupanua mboni. Uliza pia kama amewahi kutiwa dawa ya macho na kwa muda gani. Jibu la "ni nzi tu" halitoshi. Na akinunuliwa, apewe kinyago cha wavu cha kuzuia nzi na mwanga, maana mchanga mweupe wa pwani hurudisha jua usoni.

Ngozi ya waridi inayozunguka macho, pua na sehemu za siri huungua na inaweza kuota saratani. Kidonda chochote kisichopona katika sehemu hizo, au kinyama kinachoota kwenye ukingo wa kope, ni sababu ya kusimamisha mauziano mpaka daktari aseme.

Wauzaji, mmoja mmoja

Wenye farasi wa ufukweni ndio tunaowapendekeza kwa anayetaka mfanyakazi wa ufukweni, ingawa farasi wao huonekana wamechoka. Farasi huyo ameshazoea joto, mawimbi, watoto wanaopiga kelele, ngamia na wauza madafu. Hilo halinunuliki kwa miezi mingi ya mafunzo. Kasoro zake zinajulikana: mchanga tumboni, vidonda vya mkanda wa tandiko, mdomo ulioharibiwa na lijamu, na kwato zilizochelewa kukatwa. Tatu za mwisho hupona. La kwanza lipimwe kabla ya kulipa.

Madalali wanaoteremsha farasi kutoka bara, Nairobi, Naivasha au Nanyuki, huleta farasi wenye miili mizuri. Wengi walikuwa wa mashindano ya mbio au wa shule za kupanda. Tatizo ni kwamba farasi wa nyanda za juu hajui joto lenye unyevu. Apewe wiki mbili hadi tatu za kazi nyepesi alfajiri kabla ya kuhukumiwa, na dalali anayekataa masharti hayo tunamwacha. Dalali mwema hukupa jina la mmiliki wa awali umuulize mwenyewe. Dalali anayeficha mmiliki anaficha historia.

Shule za kupanda farasi huuza kwa bei ya juu, na mara nyingi bei hiyo ni halali. Wana daftari la chanjo, dawa za minyoo na tarehe za fundi wa kwato. Mtu anayenunua farasi wake wa kwanza aende huko, hata kama madoa hayapo.

Matangazo ya Facebook na WhatsApp ndiyo yanayopata alama ya chini kabisa. Kulipa rubuni kwa M-Pesa kwa sababu ya picha ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dai muuzaji apige video akiwa kando ya farasi, ashike karatasi yenye tarehe ya leo, afungue mdomo wa farasi, amwendeshe kwenye sakafu ngumu bila kukata video. Akileta visingizio, mwache. Hata akifanya yote, pesa isitoke kabla ya kumwona mnyama.

Ukaguzi unaofaa pwani

Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na umguse farasi mara tu ufikapo. Akiwa na jasho lililokauka au miguu iliyoloweshwa, ameshafanyishwa kazi au amepozwa ili kuficha jambo. Kichwa kilichoning'inia, mdomo wa chini uliolegea na kope nzito ni dalili za dawa ya kutuliza. Daktari achukue damu siku ya ukaguzi na kuihifadhi. Muuzaji mwenye nia safi hakatai. Zipo pia dawa za maumivu zinazoficha kuchechemea, ndiyo sababu ziara ya pili baada ya wiki moja hulipa.

Pima akiwa ametulia: joto la mwili nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Mchana wa Februari Mombasa pumzi zinaweza kupanda kidogo, lakini joto la mwili lisivuke. Bonyeza ufizi kwa kidole. Rangi irudi kabla ya sekunde mbili.

Kisha jasho. Saa nne asubuhi aendeshwe kwa kamba ndefu, mbio ndogo, dakika 15 hadi 20. Shingo, kifua, nyuma ya masikio na katikati ya mapaja vyote vilowe. Farasi mkavu, au mwenye jasho chini ya singa pekee, anayehema kwa nguvu na ambaye joto lake bado limepita nyuzi 40 nusu saa baada ya kusimama, amepoteza uwezo wa kutoka jasho. Hali hii hutokea mahali penye joto na unyevu kama hapa, inaweza kumpata hata aliyezaliwa pwani, na tiba yake ya uhakika ni kumhamishia kwenye baridi. Farasi wa hivi Mombasa hafai kazi, hata akitolewa bure.

Mchanga una vipimo viwili. Okota mafungu sita ya mavi mapya ambayo hayajagusa ardhi, yatie kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, jaza maji, vuruga, acha dakika 20. Mchanga ukituama zaidi ya kijiko cha chai, tumbo lina mzigo. Chupa ikiwa safi usishangilie bado, kwa kuwa mchanga huweza kulala ndani bila kutoka. Daktari asikilize kwa kipimo chake chini ya tumbo, nyuma kidogo ya mfupa wa kifua: mchanga mwingi husikika kama mawimbi yanayorudi ufukweni. Farasi mwenye mchanga kidogo anaweza kununuliwa kwa punguzo na kutibiwa kwa maganda ya mbegu za isabgol (psyllium), yanayopatikana kwenye maduka ya dawa mjini, hadi gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku saba mfululizo, na kurudiwa kila mwezi anapoishi kwenye mchanga. Changanya na chakula kikiwa kikavu au chenye unyevu kidogo tu. Ukiyaloweka yanageuka ute na farasi huyakataa. Aliyewahi kupata msokoto wa tumbo mara kwa mara, mwache.

Miguu isijaribiwe ufukweni. Wauzaji wengi hupenda kuonyesha farasi maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu ulioloa, na farasi hupendeza kweli. Lakini mchanga huo hupokea kishindo na huficha maumivu ya kwato. Mpeleke kwenye lami au saruji, mwendo wa telki, hatamu ikiwa imelegea, ukimtazama akija na akienda. Mguu mmoja wa mbele ukiuma, kichwa huinuka farasi anapokanyagia mguu huo na hushuka anapokanyagia ule mzima. Baada ya hapo mrudishe kwenye mchanga mlaini wenye kina: huko ndiko maumivu ya kano za nyuma ya mguu hujitangaza. Mnunuzi aone sehemu zote mbili. Kwenye nyayo, harufu mbaya na utandu mweusi katika mfereji wa katikati ni uozo wa unyevu. Hutibika, lakini huonyesha zizi likoje.

Umri husomwa menoni. Meno ya mbele ya kudumu huota akiwa na miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu, na mdomo hukamilika karibu na miaka mitano. Mfereji wa kahawia kwenye jino la pembeni la juu huanza kuonekana karibu na miaka 10, hufika nusu ya jino karibu na 15 na mwisho wake karibu na 20. Muuzaji anayesema "ana miaka minane" huku mfereji umefika nusu anakudanganya, au yeye mwenyewe alidanganywa.

Uzito pia upimwe kwa utepe. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Mzunguko mara mzunguko mara urefu, gawanya kwa 11,880, unapata kilo. Farasi wa kifua 175 na urefu 155 ana karibu kilo 400. Mzigo wake, mpandaji pamoja na tandiko, usizidi humusi moja ya uzito, yaani kilo 80. Anayenunua kwa biashara ya wageni afanye hesabu hii kabla ya kupenda madoa: watalii wengi wanazidi kilo 80, na Appaloosa wa kawaida ana kilo 430 hadi 570.

Magonjwa ya huku na karatasi zake

Tauni ya farasi ya Afrika huenezwa na visubi, huongezeka baada ya mvua, na haina dawa ya kuiponya. Uvimbe wa mashimo yaliyo juu ya macho, au povu puani, ni dharura. Kitabu kionyeshe chanjo isiyozidi miezi 12. Kama haipo, achanjwe kwa muuzaji, apumzike wiki kadhaa, ndipo asafiri na kuanza kazi. Punda huweza kubeba ugonjwa huo bila kuonyesha dalili kubwa, na pia huambukiza farasi minyoo ya mapafu wakilishwa pamoja. Mwenye zizi karibu na punda wa kubeba maji alijue hilo. Visubi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, kwa hivyo farasi awe ndani saa kumi na mbili jioni.

Upande wa Kwale, karibu na Shimba Hills, kuna mbung'o, na farasi hudhurika sana na nagana. Anayekonda huku anakula, mwenye homa inayokuja na kuondoka, ufizi mweupe na uvimbe chini ya tumbo apimwe damu. Maabara ya mifugo ya serikali iko Mariakani. Damu hiyohiyo ipimwe homa ya kupe.

Daktari awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board na asiwe wa muuzaji. Kibali cha kusafirisha mnyama hutolewa na afisa wa mifugo wa serikali mahali anapotoka, na bila hicho lori linaweza kuzuiwa njiani.

Safari

Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi. Safari ya usiku ni bora kwa sababu ya joto, na pia mbung'o wa nyika ya Tsavo huuma mchana. Kenta ya kubebea ng'ombe haitoshi kama ilivyo: sakafu iwekwe mpira au maranda, kingo za chuma zifunikwe, pawe na kizuizi cha kumtenga, na hewa ipite. Kosa linaloua ni kumfunga kichwa juu saa zote. Farasi asiyeweza kuinamisha kichwa hashushi makamasi na vumbi, na siku mbili baadaye hupata homa ya mapafu. Simama Mtito Andei na Voi, nusu saa kila kituo, legeza kamba, nyasi ziwe chini, mpe maji. Foleni ya Mariakani na Miritini huwa mbaya, kwa hivyo panga kuipita kabla ya jua kuchomoza. Anayekwenda Diani apite Dongo Kundu badala ya kusubiri feri ya Likoni kwenye jua na umati. Akishafika, pima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu. Likizidi nyuzi 38.5, mwite daktari siku hiyohiyo.

Anachokula, na kinachomuua

Farasi wa kilo 400 huhitaji nyasi kavu kilo 8 kwa siku, na kwa kazi hadi 10. Nyasi nzuri za Boma Rhodes hutoka bara, kwa hivyo bei ya robota Mombasa ina nauli ndani yake. Piga hesabu ya mwaka mzima kabla ya kununua mnyama. Maji yawe zaidi ya lita 40 siku ya joto, na chumvi gramu 30 hadi 60. Nyasi ziwekwe kwenye hori juu ya mkeka wa mpira, zisitupwe mchangani. Paa la makuti, ukuta wazi upande wa upepo wa bahari, chumba cha mita 3.6 kwa 3.6: hapo pwani imebarikiwa kuliko mahali pengi.

Mahindi au nyasi zenye ukungu zisikaribie zizi. Unyevu wetu huotesha ukungu haraka, na sumu ya ukungu wa mahindi huyeyusha ubongo wa farasi. Pumba nyingi kila siku huvuruga madini mwilini hadi mifupa ya uso inavimba na kuwa laini. Chakula cha kuku au ng'ombe chenye monensin kinaua. Dawa ya kupe yenye amitraz, ile ya josho la ng'ombe, husimamisha utumbo wa farasi. Muulize saisi wa muuzaji huwapaka nini farasi wake wakati wa kupe. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu zizi zima.

Kwa anayeuza

Wakati mzuri wa kuuza ni Oktoba na Novemba, kabla ya msimu wa Krismasi. Baada ya Pasaka hoteli hupungukiwa wageni, masika huanza, na wengi huuza ili kukwepa gharama ya nyasi; huo ni msimu wa mnunuzi. Farasi mwenye daftari la chanjo, kwato zilizokatwa ndani ya wiki 6 hadi 8 na cheti cha macho huuzwa bila kubembeleza mtu.

Kama ni farasi wa nakala mbili za LP, sema. Aandikiwe katika hati kwamba haoni gizani na asifanye kazi baada ya machweo. Wapo wanunuzi wa farasi wa mchana tu, na watakulipa bila ugomvi. Hati iwe na majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, picha nne za farasi, ya mbele, ya nyuma na za ubavu, mchoro wa vipindo vya nywele, kasoro zinazojulikana, na dawa alizopewa siku 30 zilizopita. Mkikubaliana majaribio ya siku saba, andikeni ni nani anayelipa daktari farasi akiugua siku ya tatu, yuko zizi la nani, na nani anaruhusiwa kumpanda. Salio lilipwe siku ya nane, farasi akiwa amesimama kwenye lami mbele ya wote wawili.